Kabla ya kutuchanganyia ethanoli, pampu iseme ukweli

Mjadala wa ethanoli unasogea karibu na vituo vyetu vya mafuta, na umeanza kwa mguu mbaya. Uganda ilitunga Sheria ya Nishati ya Mimea mwaka 2020, inayofungua mlango wa petroli kuchanganywa na ethanoli hadi asilimia 20. Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982 kwa spiriti inayotengenezwa Dwangwa kutokana na molasi ya miwa, na Zimbabwe imeufanya mchanganyiko huo kuwa wa lazima tangu 2013. Kila habari hizi zinapotajwa, watu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unashikilia kwamba ethanoli inaua injini, inakula mipira na inamaliza tangi upesi. Upande wa pili unasema ni mafuta bora kuliko petroli, kwa kuwa oktani yake iko juu na magari ya mashindano yanaitumia. Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Hakuna mafuta yaliyo bora au mabaya yenyewe peke yake. Yapo mafuta yanayolingana na injini na yasiyolingana nayo. Kwa hiyo swali la kwanza la kisera si kama tuchanganye au tusichanganye. Swali ni kama mwenye gari atajua anachonunua na kama bei atakayolipa italingana na nishati anayoipata. Nchi zilizojibu swali hilo mapema zimefaidika na ethanoli. Zilizoliruka zimezua ugomvi na wananchi wao.

Tuanze na kipimo ambacho mfuko wa dereva hukihisi kwanza, yaani nishati iliyomo ndani ya lita moja. Petroli tupu ina takriban megajuli 32 kwa lita. Ethanoli ina takriban 21. Tofauti hiyo ni karibu theluthi nzima, na chanzo chake ni cha kikemia: zaidi ya theluthi moja ya uzito wa ethanoli ni oksijeni, nayo oksijeni haiungui bali husaidia vingine kuungua. Ndiyo maana mchanganyiko wa asilimia 10, unaojulikana kama E10, hupunguza umbali kwa takriban asilimia 3, na E20 kwenye injini ambayo haikuundwa kwa ajili yake hupunguza takriban asilimia 6 hadi 7. Nchini Marekani, ambako kuna mafuta yanayoitwa E85 yenye ethanoli kati ya asilimia 51 na 83, serikali huwaambia wananchi waziwazi kwamba watapoteza kati ya asilimia 15 na 27 ya kilomita kwa kila galoni. Chukua gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita, lenye tangi la lita 40. Kwa petroli tupu litafika kilomita 600. Kwa E10 litaishia karibu na 582, na kwa E20 huenda likasimama kwenye 564 au pungufu. Hesabu hii haibadilishwi na siasa wala na tangazo la biashara.

Kipimo cha pili ni oktani, na hapa ndipo uongo mwingi unapouzwa. Watu wengi huamini kwamba oktani ni nguvu, kwamba mafuta ya oktani 97 yana moto mkali kuliko ya 91. Sivyo. Oktani hupima ustahimilivu wa mafuta dhidi ya kulipuka kabla ya wakati. Pistoni inapopanda, hugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta, na mchanganyiko huo hupata joto. Mafuta ya oktani ndogo yanaweza kujiwasha yenyewe mahali ambapo moto wa plagi haujafika. Ndipo injini inagonga, na ikigonga kwa muda mrefu inaweza kuharibu pistoni. Mafuta ya oktani kubwa hustahimili mgandamizo huo hadi moto wa plagi uyafikie kwa zamu. Lakini kama injini yako haigandamizi kiasi hicho, ustahimilivu wa ziada hauna kazi ya kufanya. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2016 na kukuta kwamba magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida hayapati faida yoyote ya maana kwa kutiwa ya bei ya juu, na kwamba Wamarekani walikuwa wakipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka kwa imani hiyo. Somo hili linatuhusu moja kwa moja. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yametoka Japani yakiwa yametumika, na petroli ya kawaida ya Japani ina kiwango cha chini cha oktani 89. Mwenye gari dogo la aina hiyo anayelipia mafuta ya oktani kubwa akidhani anaongeza mbio ananunua jina tu.

Sasa ethanoli ina oktani inayokaribia 109, na haiishii hapo. Inapogeuka mvuke hufyonza joto jingi, zaidi ya mara mbili ya petroli kwa uzito ule ule, hivyo hupoza hewa inayoingia kwenye silinda. Hewa baridi imeshikana zaidi, na injini inayoingiza hewa nyingi inaweza kuchoma mafuta mengi. Hii ndiyo sababu wenye mashindano huipenda. Mashindano ya IndyCar ya Marekani yalihamia ethanoli mwaka 2007, yakaenda E85 mwaka 2012, na Formula 1 ilianza kutumia E10 mwaka 2022. Lakini angalia wanachokifanya mafundi wa huko kabla hawajajaza tangi: wanapandisha mgandamizo, wanabadilisha muda wa plagi kuwaka, wanaweka nozeli kubwa zaidi na pampu zenye msukumo zaidi. Wanaijenga injini kwa kuyafuata mafuta. Tena hawahesabu lita wanazochoma kama anavyohesabu dereva wa teksi. Kuchukua sifa ya gari la mashindano na kuibandika kwenye gari dogo la kifamilia la mwaka 2005 ni kumdanganya mnunuzi. Ethanoli huongeza nguvu pale tu injini inapoweza kuidai nguvu hiyo. Kwenye injini nyingine zote, kinachobaki ni upungufu wa nishati.

Inafaa tuone kinachotokea ndani ya gari la kawaida linapopewa mchanganyiko. Petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa. Ethanoli inahitaji kilo 9 tu. Ukitia E10, uwiano unashuka kidogo hadi karibu 14.1. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inagundua kwamba moshi umebaki na oksijeni nyingi kuliko kawaida, inapeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta inaziamuru nozeli zibaki wazi kwa muda mrefu kidogo. Dereva hahisi chochote. Gari linatembea vilevile, ila mafuta yanakwisha mapema kidogo. Tatizo huanza kiwango kinapozidi uwezo wa kompyuta kurekebisha. Nozeli zinafika mwisho wa uwezo wake, moto unakuwa na hewa nyingi mno, injini inakosa mvuto kwenye mlima, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Magari yenye kabureta, na pikipiki nyingi za bodaboda zinazotumia kabureta, hayana sensa wala kompyuta ya kusahihisha. Yanapokea kilichomo na kukichoma kama kilivyo. Kwa hiyo mafuta yale yale, kutoka pampu ile ile, kwa siku ile ile, yanaweza kuwa mazuri kwa gari la kwanza kwenye foleni na kuwa tabu kwa chombo kinachofuata.

Brazili imetoa ushahidi mrefu kuliko nchi yoyote. Ilianzisha mpango wa Proálcool mwezi Novemba 1975, baada ya kupanda kwa bei ya mafuta ya 1973 kuuyumbisha uchumi wake, na mwaka 1979 Fiat 147 ikaingia sokoni ikitumia ethanoli pekee. Haikuwa gari la petroli lililobadilishiwa tangi tu. Mgandamizo wake ulipandishwa ili kuitumia ile oktani, na magari ya kizazi hicho yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia asubuhi za baridi, maana ethanoli haitoi mvuke wa kutosha hewa inapokuwa baridi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya gari tisa kati ya kila kumi mpya zilizouzwa nchini humo zilikuwa za ethanoli. Kisha bei ya sukari duniani ikapanda, viwanda vikaona faida ipo kwenye sukari, na mwaka 1989 hadi 1990 ethanoli ikaadimika. Waliokuwa na magari ya ethanoli pekee walikwama kwenye foleni. Imani ilirudi mwaka 2003, Volkswagen ilipoleta Gol inayokubali petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hivyo viwili. Mbrazili akapata alichokuwa amenyimwa: uchaguzi. Tangu hapo madereva wa Brazili wanatumia kanuni moja rahisi, kwamba ethanoli inalipa pale tu bei yake inapokuwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli. Anayeijua kanuni hiyo hahitaji mtu wa kumshawishi; anatazama ubao wa bei, anapiga hesabu, anaamua.

Kilichoilinda kanuni hiyo ni utaratibu wa pampu. Ethanoli inayokwenda kuchanganywa na petroli hutiwa rangi ya chungwa ili isiuzwe kwa ujanja kama ile inayouzwa peke yake, ambayo lazima iwe angavu. Na mteja akiwa na shaka juu ya petroli, ana haki ya kudai ipimwe mbele yake. Mhudumu huchukua silinda ya kioo ya mililita 100, anatia petroli mililita 50, kisha maji ya chumvi mililita 50. Anaiziba, anaipindua taratibu mara kadhaa, anaiacha itulie. Ethanoli hupenda maji kuliko petroli, kwa hiyo inaihama petroli na kushuka upande wa maji, na mstari uliokuwa kwenye 50 unaanza kupanda. Ukisimama kwenye 63, maji yameongezeka mililita 13. Zidisha kwa mbili, ongeza moja, unapata asilimia 27. Hicho ndicho kiwango kilichotumika nchini humo tangu 2015 hadi kilipopandishwa kuwa asilimia 30 mwezi Agosti 2025. Kipimo hiki hakihitaji maabara wala mtaalamu kutoka makao makuu. Kinahitaji kioo, maji, chumvi na sheria inayompa mteja haki ya kusema, "Nipimie."

India nayo imeonyesha upande wa pili. Serikali yake ilisogeza mbele lengo la E20 kutoka 2030 hadi 2025, ikalifikia, na kwa madereva wengi E20 ikawa ndiyo petroli pekee ya kawaida kituoni. Ripoti ya taasisi ya mipango ya serikali yenyewe, NITI Aayog, ilikuwa imekwisha kusema mwaka 2021 kwamba magari yaliyoundwa kwa petroli tupu na kurekebishwa kwa E10 yatapoteza asilimia 6 hadi 7 ya umbali yakitumia E20, na pikipiki asilimia 3 hadi 4. Ripoti hiyo hiyo ilishauri kuwe na unafuu wa kodi ili mnunuzi afidiwe upungufu huo. Mchanganyiko ulikuja, unafuu kwenye pampu haukuja. Katikati ya 2025 madereva walilalamika kwa sauti kubwa, wengine wakidai injini zao zimeharibika kabisa, jambo ambalo serikali ililikana. Ombi la kuwataka wauzaji waweke pia petroli isiyo na ethanoli na kuweka alama wazi lilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo na kutupwa tarehe 1 Septemba 2025. Kisheria serikali ilishinda. Kwa imani ya watu ilishindwa, kwa sababu mtu aliyefichiwa asilimia 6 huamini amefichiwa na mengine. Jambo hili si la mbali nasi. Bajaj na TVS, kampuni zinazotengeneza pikipiki zinazobeba abiria kutoka Kigoma hadi Kisumu, ni za India, na mjadala wa huko ni mjadala wa vyombo tunavyovipanda hapa.

Uingereza ilipita njia ya kati. Mwezi Septemba 2021 iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida, lakini ilifanya mambo matatu kabla. Iliwaambia wananchi kwamba takriban asilimia 95 ya magari ya petroli yaliyokuwa barabarani yanaweza kuitumia. Iliwawekea mahali pa kuangalia kama gari la aina fulani na mwaka fulani limo ndani ya hiyo asilimia 95. Na iliwaachia wenye magari ya zamani petroli ya E5 kwenye vituo vingi, japo kwa bei ya juu. Malalamiko yalikuwapo, lakini hayakugeuka kuwa uasi. Linganisha na Ujerumani mwaka 2011, ambako E10 ililetwa bila maelezo ya kutosha kuhusu gari lipi linafaa na lipi halifai. Madereva waliikimbia, wakanunua ya bei ghali zaidi kwa hofu, na matangi ya E10 yakabaki yamejaa hadi serikali ikalazimika kuitisha kikao cha dharura na wenye viwanda. Mafuta yalikuwa yale yale yaliyokubalika Ufaransa miaka miwili kabla. Kilichopungua kilikuwa taarifa.

Tuyarudishe haya nyumbani. Yapo mambo mawili yanayoifanya taarifa kuwa muhimu zaidi kwetu kuliko Ulaya. La kwanza ni umri na asili ya vyombo. Petroli ya kawaida nchini Japani iliruhusiwa kuwa na ethanoli isiyozidi asilimia 3, na E10 iliruhusiwa mwaka 2012 kwa magari yaliyoidhinishwa tu. Gari lililotoka huko kabla ya hapo halikuwahi kutakiwa kuishi na E10 katika nchi yake ya kwanza. Mengi yao yatamudu, kwa kuwa kampuni hizo hizo zimeuza magari yanayotumia E10 Ulaya na Marekani bila tatizo. Lakini paipu za mpira, sili na sehemu za alumini za magari ya zamani zinaweza kuvimba, kupasuka au kuliwa na ethanoli, na fundi wa mtaani hana orodha ya kumwambia mteja ni gari lipi liko salama. La pili ni maji. Petroli na maji havichangamani. Maji hukaa chini ya tangi na petroli hubaki juu. E10 huyabeba maji kidogo ndani yake, na yanapofika takriban nusu asilimia, mchanganyiko unavunjika: ethanoli na maji vinashuka chini pamoja, na petroli inayobaki juu inakuwa na oktani pungufu kuliko iliyoahidiwa. Pampu hunyonya kutoka chini. Katika miji ya pwani yenye unyevu, na katika vituo ambavyo matangi yake ya ardhini ni ya miaka mingi, hilo si jambo la kufikirika. Kituo kisichokausha tangi lake kabla ya kuanza kuuza E10 kitawauzia wateja wa kwanza maji ya ethanoli, na lawama zote zitakwenda kwa ethanoli badala ya kwenda kwa tangi.

Wapo watakaosema kwamba asilimia 3 ni kitu kidogo, kwamba foleni ya Ubungo, matairi yenye upepo mdogo na plagi zilizochoka hupoteza mafuta mengi kuliko ethanoli. Kuhusu foleni na matairi wana haki. Lakini dereva anaweza kujaza upepo na kubadilisha plagi; hawezi kuitoa ethanoli kwenye mafuta aliyouziwa. Na asilimia 3 ni ndogo kwa anayejaza tangi mara mbili kwa mwezi, si kwa anayeishi kwa usukani. Teksi inayochoma lita 10 kwa siku kwa siku 300 za kazi itahitaji takriban lita 90 zaidi kwa mwaka ikitumia E10. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi, hizo ni shilingi 270,000. Kwa E20 kwenye gari lisiloundwa kwa ajili yake, kiasi hicho kinazidi maradufu. Tena tozo na ushuru wa mafuta hutozwa kwa lita. Lita ikipungua nishati huku tozo ikibaki ile ile, kila kilomita inakuwa imetozwa zaidi, na kodi imepanda bila Bunge kuijadili. Huo si udogo wa kupuuzwa.

Wapo pia watakaosema kwamba kubandika alama ya asilimia kwenye pampu kutawatisha wateja na kuua mradi kabla haujaanza. Ujerumani imejibu hoja hiyo: kilichowatisha watu ni kutojua, wala si kujua. Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa ulipokithiri nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta vinasaba ili yaliyochezewa yagundulike, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Katika kipindi hicho Watanzania walijifunza kuwa mafuta yanaweza kuchanganywa na kitu kingine bila wao kuambiwa, na wakajifunza kutoamini. Ukiwaletea leo mchanganyiko halali bila maelezo, hawatautofautisha na ule haramu. Watauita jina lile lile, na watakuwa na sababu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya uchumi wa taifa, nami siipuuzi. Ethanoli ya miwa inaweza kupunguza fedha za kigeni tunazotumia kuagiza mafuta, inaweza kumpa mkulima na kiwanda cha sukari soko la molasi, na ni njia safi ya kupandisha oktani. Tusisahau kwamba kwa miongo mingi oktani ilipandishwa kwa risasi, sumu iliyodhuru akili za watoto, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha petroli ya aina hiyo mwanzoni mwa 2006. Ninaamini faida hizi ni za kweli, na ndiyo sababu sitaki ziharibiwe na utekelezaji mbovu. Kenya iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na spiriti ya Muhoroni katika miaka ya 1980, na mpango ule ukafa. Kanuni mpya za kuchanganya zilitungwa mwaka 2010, nazo hazikuleta E10 kwenye pampu za nchi nzima. Mpango wa mafuta unaobebwa na amri peke yake hudumu kadiri amri inavyodumu. Unaobebwa na mnunuzi anayeona faida yake hudumu hata bei ya sukari inapoyumba. Kama ethanoli ni nafuu kweli kuizalisha, basi unafuu huo uonekane kwenye bei ya lita. Kama si nafuu, wananchi waambiwe kwamba wanalipia sera ya taifa, na Bunge liijadili gharama hiyo hadharani.

Kinachotakiwa si kigumu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na EPRA ya Kenya hufanya hivyo kila tarehe 14. Siku mchanganyiko utakapoanza, tangazo hilo hilo liongezewe safu moja inayoonyesha asilimia ya ethanoli, na bei kikomo ya mchanganyiko ishuke kwa kadiri nishati ilivyoshuka. Kila pampu ibandikwe asilimia hiyo kwa tarakimu kubwa, kwa Kiswahili. Kila mji uwe na vituo vinavyouza petroli isiyochanganywa kwa ajili ya vyombo vya zamani, angalau kwa miaka ya mwanzo. Mashirika ya viwango yatoe orodha ya magari na pikipiki zinazofaa, kwa aina na mwaka wa kutengenezwa, na nakala yake ifike gereji na vijiwe vya bodaboda kabla ya mafuta kufika kituoni. Matangi ya ardhini yakaguliwe na kukaushwa kabla ya shehena ya kwanza. Na kila kituo kiwe na silinda moja ya kioo, ambayo mteja yeyote anaweza kuomba itumike mbele ya macho yake.

Serikali zetu zina bahati ya kuchelewa, kwa maana makosa yameshafanywa na wengine na majibu yako wazi. Kwa msomaji mwenye chombo, usikubali kuambiwa kwamba mafuta fulani yana nguvu kabla hujauliza ni kwa injini ipi, wala kwamba yana bei nafuu kabla hujapima yanakufikisha kilomita ngapi. Kwa wanaotunga kanuni, petroli yenye ethanoli inaweza kuwa bidhaa nzuri, na bidhaa nzuri haiogopi kutajwa jina lake. Ianze kuuzwa siku asilimia yake itakapoandikwa kwenye pampu, na isianze siku moja kabla ya hapo.